Tatu Laini, Tatu Ngumu

Old Moshi, Alhamisi, saa kumi jioni

Mwanangu Aika,

Nimejificha zizini kama mwizi wa kuku. Nimekalia ndoo iliyopinduliwa, na daftari lako la zamani la chuo nimeliweka juu ya goti. Ndani hakukaliki. Shangazi zako wamejaa jikoni, na mama yako anakukaangia ndizi za njiani utafikiri unakwenda nchi isiyo na chakula. Nimemwambia nakuja kumwangalia ng'ombe. Mpaka sasa ng'ombe ndiye ananiangalia mimi.

Mambo ya sweta, neti, nauli na kupiga simu ukifika, mama yako ameshayasema yote, tena mara mbili. Mimi hapo sina la kuongeza. Naandika kwa sababu ya ile fomu yako ya kazi, ya kuongoza wageni porini kwa miguu.

Uliiacha mezani ulipokwenda kumuaga bibi yako. Sikuwa na nia ya kuisoma. Niliisogeza tu nipate pa kuweka sahani, nikaona pale wanapouliza mwongozaji wa pili atabeba risasi gani kwenye rivolva yake, na wewe kwa mwandiko wako mzuri umejaza: "Tatu laini mbele, tatu ngumu nyuma." Chakula kilinishinda. Maneno hayo ni yangu, nilikupa mimi Jumapili, na wakati nakupa nilijua kabisa yanaweza kukuua.

Kumbuka ilivyokuwa. Tulikuwa kihambani, kwenye migomba yetu, tunakata majani ya ng'ombe, ukaniuliza, "Baba, fomu inataka nichague risasi. Wewe ulikuwa unaweka zipi?"

"Utaambiwa huko huko," nikasema.

"Huko wataniambia za kwao. Mimi nataka za kwako. Si ndizo ulizomuulia nyati?"

"Aika, kata majani."

"Miaka yote bastola yako inasifiwa kijiji kizima, leo nikiuliza risasi tu unakuwa mkali. Kwani ni siri ya serikali?"

Mjomba wako akawa anapita na maziwa yake, akasimama na kucheka. "Mwambie mtoto, shemeji, asiende huko akaaibisha jina." Basi nikajikuta nasema upesi upesi, kama mtu anayelipa nauli, "Changanya. Tatu laini mbele, tatu ngumu nyuma." Ukafurahi. Ukaniambia, "Asante, baba," na mimi nikaendelea kukata majani kwa nguvu mpaka nikajikata kidole. Ulinifunga kitambaa na kunitania kwamba nimezeeka. Sikuzeeka. Niliogopa.

Sasa nisikilize. Najua chuoni wamekufundisha, na pengine maneno ya vitabuni unayajua kunizidi. Mimi nakueleza nilivyojifunza kwa damu ya mtu.

Risasi laini kichwa chake hufunguka kikigusa nyama. Kinatanuka, kinapasua, kisha kinasimama humo humo. Kwa nguruwe pori ni nzuri, na kwa chui pia, kwa sababu hao wana miili myepesi na unataka waanguke hapo hapo, risasi isipite ikampata mtu aliye nyuma. Risasi ngumu, ile yenye kichwa bapa kisichofunguka, yenyewe hupita moja kwa moja. Inatoboa ngozi, inavunja mfupa wa bega na kuendelea ndani mahali uhai ulipo. Nyati ana ngozi na misuli na mifupa ambayo laini inafunguka kabla haijafika popote. Ukimpiga laini umemwonyesha tu mahali uliposimama.

Hata ngumu, mama, kwa bastola ni kujaribu kujiokoa. Bunduki ya mwongozaji wa kwanza ndiyo ya kumsimamisha nyati. Bastola yako ni ya pale ambapo kila kitu kimeshaharibika, mnyama yuko karibu kiasi cha kumnusa, na hakuna wa kukusaidia. Kwa hiyo kilichomo ndani ya matundu yale sita lazima kiwe kwa ajili ya dakika hiyo. Kisiwe kwa ajili ya kitu kingine chochote unachokitamani. Mimi nilikuwa na kitu nilichokitamani.

Wiki ile ilikuwa ya kipaimara chako. Ulikuwa na miaka kumi na minne, umeshonewa gauni jeupe, na mama yako hakulala siku tatu. Mbuzi wa ndafu alikuwepo, pombe ya mbege ilikuwa imeshaiva, hatukupungukiwa kitu. Lakini Jumatano nilikaa kilabuni na wazee, na mmoja akasema kwamba sherehe za siku hizi hazina ladha, kwamba zamani mwenye bunduki alileta nyama ya porini. Nikacheka. Nikasema, "Jumapili mtakula nguruwe pori kwangu, mjionee." Kuwinda kule msituni ni marufuku, na mimi nilijua kuliko wote waliokaa pale, maana bastola ile nilipewa leseni yake nikiwa mlinzi wa shamba la kahawa, na sheria zake nilisomewa mpaka nikazikariri. Mdomo uliponza kichwa. Tena si kichwa changu.

Ijumaa ilikuwa zamu ya kusafisha banio la mfereji wetu, pale maji ya mto yanapoingilia. Unajua utaratibu: kila nyumba inayopata maji inatoa mtu mmoja, asiyekwenda bila sababu anatozwa debe la mbege, na mmoja wetu anatangulia na silaha kwa sababu banio liko juu, ndani ya msitu, ukishapita Hafmaili, ule ukanda wa miti wa vijiji. Mwenye silaha nilikuwa mimi. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kusimama juu ya banio pale njia ya wanyama inaposhukia, na kutazama. Wengine wainame kwenye maji bila wasiwasi, mimi niwatazamie migongo.

Asubuhi kabla ya kuondoka nilizitoa risasi zote sita ngumu. Nikaingiza laini tatu zitangulie, nikafuatisha ngumu tatu. Nilijiambia: nikimwona nguruwe, laini ziko tayari. Nikikutana na kikubwa zaidi, ngumu ziko nyuma. Nilijiona mjanja. Sikujiuliza swali ambalo hata mtoto angeuliza, kwamba gurudumu la rivolva linasogea tundu moja moja, na ili ufike kwenye la nne lazima kwanza umalize matatu. Nyati hangoji umalize.

Tulikwenda watu kumi na wawili. Kulikuwa na ukungu, ule wa kule juu unaolowesha nguo bila mvua. Wenzangu wakaingia mferejini, wakaanza kutoa mawe na matope. Aminieli ndiye alikuwa juu kabisa, karibu na mdomo wa banio, maji yamemfika magotini na jembe mkononi. Unamjua Aminieli, jirani yetu wa chini ya mfereji, anayetembelea magongo. Wakati ule alikuwa na miguu yake miwili mizima, na mgongo wa kubeba mkungu wa ndizi kila upande. Alikuwa rafiki yangu tangu tulipokuwa tunachunga mbuzi.

Mimi nikaona nyayo za nguruwe. Mbichi, zinashuka upande wa kushoto. Nikaacha mahali pangu.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo sijawahi kuisema kwa mtu yeyote, Aika. Sikuwa pale nilipotakiwa kuwa. Nilikuwa hatua sitini chini, nimeinama nafuata nguruwe kwa ajili ya sifa za kilabuni. Niliposikia kelele, watu walikuwa tayari wanapanda miti. Nikapanda mbio kurudi juu, na nilipotokeza, nyati alikuwa amesimama kati yangu na banio, dume, peke yake, umbali kama wa kutoka hapa zizini mpaka mlango wa jikoni.

Nikapiga. Ilimpata begani, nikaona ngozi ikirusha matope na maji. Alikuwa anatazama upande wa banio, akanigeukia mimi. Nikapiga ya pili. Akatikisa kichwa, kama ng'ombe anayefukuza nzi. Nikapiga ya tatu naye anakuja. Ya nne ilikuwa ngumu. Nilijua ni ngumu, ndiyo iliyokuwa inafuata, ilibaki kuvuta tu. Kidole kilikataa. Nilisimama pale nikiwa nimeinyoosha bastola, na kidole changu kimekufa kama cha maiti.

Ndipo Aminieli akatoka mferejini. Alikuja mbio, jembe ameliinua juu kwa mikono miwili, anapiga kelele, "Baba Aika, lala chini!" Akampiga nyati jembe la uso kutoka ubavuni. Nyati akaniacha, akamchukua yeye.

Niliipiga ya nne nyati akiwa juu yake. Iliingia shingoni, akamwacha, akaingia msituni. Kesho yake maofisa wa wanyamapori walimkuta chini bondeni wakammalizia. Watu wakasema nimemuua nyati, na hata leo wanasema.

Waliokuwa mitini hawakuona, na kwa kelele zao wenyewe hawakusikia alichosema. Ukungu ulikuwa mzito, waliona tu Aminieli anatoka kwenye maji mbio, kisha wakamwona chini. Waliposhuka wakaniuliza, "Imekuwaje?" Mguu wa Aminieli ulikuwa umegeukia nyuma, mfupa uko nje, na yeye hana fahamu. Mimi nikatazama ile bastola mkononi. Nikaona kwamba nikisema ukweli wataniuliza kwa nini risasi tatu hazikumsimamisha, na nilikuwa wapi, na nguruwe wa nani. Nikaona leseni inaondoka, nikajiona mahabusu, nikaliona na gauni lako jeupe. Nikasema, "Alitaharuki akakimbia. Akakatiza mbele ya bastola, nikashindwa kupiga vizuri."

Ni maneno machache tu. Hata pumzi hayakumaliza.

Maofisa walipokuja walifungua gurudumu wakakuta mbili ngumu zimebaki. Wakauliza, "Zote zilikuwa hizi?" Nikajibu ndiyo. Boksi la zile laini nililitumbukiza chooni jioni ile ile.

Sasa nakuja kwenye baya kuliko yote, na ukitaka kunichukia, nichukie kwa hili. Aminieli alikaa hospitali Moshi miezi miwili. Mguu wakaukata chini ya goti. Kumbukumbu zake ziliishia kwenye jiwe fulani alilokuwa analing'oa kwa jembe, zaidi ya hapo hakukumbuka kitu. Nilikwenda kumwona na machungwa. Akaniuliza, "Baba Aika, ilikuwaje? Watu wanasema nilikimbia." Nilikuwa nimekaa kitandani kwake, miguuni, upande ule ambao hapakuwa na mguu. Nikamwambia, "Ilikuwa taharuki tu. Yanamkuta kila mtu." Akanishika mkono akasema, "Basi nisamehe. Nilikuharibia kazi." Na mimi, baba yako, nikamjibu, "Yameisha."

Aliniomba msamaha, Aika. Mimi nikampa.

Baada ya pale mengine uliyaona mwenyewe. Baba yake mkubwa alikuwa mzee wa mfereji, na kila mtu alijua akifa Aminieli ndiye atashika. Alipofariki, wakasema mtu aliyekimbia hawezi kupewa kugawa maji. Wakanipa mimi. Miaka minane sasa mimi ndiye ninayesema nyumba hii ifungue asubuhi na ile ifungue jioni, na Aminieli anakuja kwangu na magongo yake kuniomba zamu. Watoto wakamwita Mbio. Siku moja mezani na wewe ulisema, "Baba, Mbio anakuita nje," tukacheka wote, mama yako akakukemea. Mimi sikukemea. Nilicheka pamoja na wewe kisha nikatoka kumsikiliza.

Kwa hiyo, risasi. Usichanganye. Kokote utakakokuwa, hata mtu aliyekuzidi umri akikuambia uchanganye, hata akiwa mimi. Sita zote ziwe za aina moja, ili moyo ukienda mbio usiwe na hesabu ya kufanya kichwani. Na msituni kwenye nyati na tembo ziwe ngumu, bapa.

Lakini ngumu nayo usichukue ile yenye baruti kubwa kuliko zote kwa sababu wanaume wa huko wamekutazama mikono yako wakatabasamu. Watakutazama, nakuambia mapema. Chukua ile ambayo ukiipiga ya kwanza, mkono unarudi upesi mahali pake kwa ajili ya ya pili. Risasi kubwa iliyokosa haifai kama ya kiasi iliyofika. Halafu ijaribu hivi: piga tano, ile ya sita usiipige, itoe uitazame. Bastola nyepesi ikirusha sana, kishindo hukitoa kichwa cha risasi kidogo kidogo kutoka kwenye ganda lake, kikichomoza mbele gurudumu linakwama. Ukikuta kimesogea, zikatae, hata kama ni za bei mbaya, hata kama msimamizi wa ghala atanuna. Na usizikalishe msimu mzima mfukoni penye jasho na umande, badilisha. Babu yako alikuwa anaweka baruti ya gobore darini, juu ya moto wa jiko, pamoja na mahindi ya mbegu, ili isipate unyevu. Mpaka leo sijui ni sala za nani zilizotulinda ndani ya nyumba ile.

Na ukipewa mahali pa kusimama, simama hapo. Hilo halimo kwenye fomu, lakini lingekuwa langu ningeliandika juu kabisa.

Kidole kikikataa pia usishangae. Hakuna aliyeniambia kwamba kinaweza kukataa. Nilidhani woga ni kukimbia, kumbe woga mwingine unasimama wima na watu wanauita ushujaa. Kikikukataa, piga kelele, mwite mwenzako, sema huwezi. Aibu yake ni ya siku moja.

Nimekata isale. Ninalo hapa, nimelilaza juu ya uzio. Wewe ni mtoto wa siku hizi lakini hili unalijua: anayekuja kwako na jani la isale mkononi amekuja kuomba msamaha, na kwetu jani hilo halikataliwi, hata kama alikuulia mtu. Mwenyewe nimeshalikata mara mbili miaka ya nyuma. Mara ya kwanza nilifika mpaka kwenye kahawa zake, nikamsikia anakohoa ndani, nikageuza. Mara ya pili sikutoka hata getini. Nilikuwa najiambia yamepita, mtu ameshazoea magongo, kumbukumbu hana, kwa nini nimfukulie. Lakini leo nimeona mwandiko wako kwenye fomu. Uongo wangu sasa unapanda basi alfajiri na unaingia kwenye matundu ya bastola ya mwanangu.

Naacha kalamu nakwenda. Ukikuta barua inaishia hapa, ujue baba yako amegeuza tena njiani, na usimwamini kwa risasi wala kwa lolote jingine.

Saa moja na nusu

Nimerudi. Mama yako amewasha taa ya zizini, anadhani ng'ombe anaumwa. Nimemwambia akae, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Ameingia ndani na sasa hivi namsikia anaosha sufuria ambazo zilikuwa safi.

Nilimkuta Aminieli barazani, ameweka sinia mapajani, anachambua maharage. Aliliona jani kabla hajaniona usoni. Akacheka kidogo, akasema, "Baba Aika, umekosea nyumba? Mimi ndiye wa kukuletea wewe."

Nikamwambia, "Nisikilize kwanza, usiseme kitu." Nikamwambia yote kama nilivyokuandikia. Nguruwe, nyayo, laini tatu, kidole. Alikuwa anaendelea kuchambua, anatoa mawe, anatupa. Nilipofika kwenye jembe, mkono ukasimama.

Kisha akauliza, hanitazami, "Nilikuwa nakuja au nakwenda?"

"Ulikuwa unakuja."

"Kwa nyati?"

"Kwa nyati. Kwa ajili yangu."

"Jembe nilikuwa nalo?"

"Ulikuwa umeliinua juu."

"Nilisema neno?"

"Ulisema, Baba Aika, lala chini."

Akaniambia niseme tena. Nikasema tena. Akaniambia niseme polepole. Midomo yake ilikuwa inayafuata maneno, kama mtu anayefundishwa sala. Halafu lile sinia likaruka, maharage yakamwagika baraza zima, na nikaona mtu ambaye sijamwona miaka tisa.

"Miaka tisa," akasema. "Miaka tisa nakaa kiti cha nyuma kanisani. Mwanangu wa kiume aliniuliza, baba, kwa nini ulikimbia? Nikamwambia sijui. Unajua ilivyo kumwambia mtoto wako hujui? Mimi mwenyewe nilikuwa najichukia! Usiku nauliza, wewe Aminieli, ulikuwa unakimbilia wapi?" Akanyoosha gongo moja kuelekea getini. "Liache hilo jani hapo. Toka."

Nililiweka kwenye ngazi nikatoka. Nilikuwa nimeshafika kwenye migomba yake aliponiita. Nikarudi. Alikuwa amesimama kwa gongo moja, jani liko mkononi mwake.

"Hili nimelipokea," akasema, "kwa sababu siwezi kulikataa. Kukusamehe ni jambo jingine, nitakusamehe siku yangu. Lakini si mimi peke yangu uliyenidanganya. Jumamosi watu wa mfereji wanakutana kwenye banio. Utawaambia wao, pale pale, mbele ya mwanangu."

Nikasema nitawaambia. Na nitawaambia, Aika, kwa sababu nimeshakuambia wewe, na kukuambia wewe ndiko kulikokuwa kugumu kuliko kote. Mfereji nitaurudisha siku hiyo hiyo. Jumatatu nitashuka Moshi polisi na bastola na leseni, nikarekebishe maelezo niliyoyaandika. Sijui watanifanya nini. Ukisikia nimewekwa ndani, usipande basi kurudi. Usiombe ruhusa kazini, usimpigie mtu simu kunitetea. Wakikuuliza huko kama ni kweli, sema ni kweli, ameandika mwenyewe.

Fomu yako sijaigusa. Iko mezani na kalamu iko juu yake. Ufute kwa mkono wako.

Naona tochi yako inapanda kutoka kwa bibi. Barua hii nakupa mkononi sasa hivi, uisome leo kabla ya kulala, maana kuna jambo la alfajiri. Nilipokuwa naondoka mara ya pili, Aminieli aliniuliza, "Binti anaondoka kesho?" Nikasema ndiyo. "Atakuwa anajua?" Nikasema atakuwa ameshasoma. Akasema, "Basi nitapanda kuja kumuaga."

Kwa magongo, kilima kile, na umande wa asubuhi, atatoka kwake bado giza. Mama yako na shangazi zako watakuwa wamekuzunguka, na mimi nitakuwa mlangoni na begi lako. Ukimsikia kwenye kokoto, waache wote. Usingoje afike, shuka umfuate mpaka getini, uinamishe kichwa vizuri kama ulivyofundishwa, na shikamoo yako ya kwanza ya siku hiyo mpe yeye. Mimi nitangoja ya pili.

Baba yako